Libcurl: Jinsi ya kuzuia faili za seva kusomwa na wageni

LIBCURL ni maktaba ya kuundia programu ambayo huziwezesha tarakilishi kuchukua na kupeleka faili mtandaoni. Mwasisi wake ni Daniel Stenberg wa Uswidi, aliyeanza kutoa programu ya curl mnamo 1998. Maktaba yenyewe ilifuata mwaka wa 2000.

Mbali na anwani za HTTP na FTP, libcurl huelewa pia zile zinazoanza kwa file://. Kwa kawaida hizi haziendi mtandaoni, bali husoma faili zilizomo katika tarakilishi ile ile inayoendesha programu. Kwa mtu anayetumia curl nyumbani, hilo halina madhara kwani faili ni zake. Hatari huzuka programu inapokuwa kwenye seva, na anwani ikatolewa na mtu baki.

Chukua mfano wa tovuti inayomruhusu mteja kuweka picha kwa kuandika anwani inakopatikana. Seva huifuata picha hiyo kwa niaba yake. Mwenye nia mbaya akiandika file:///etc/passwd, seva itafungua orodha ya akaunti zake yenyewe na huenda ikamkabidhi.

Hila ya pili imejificha zaidi. Anwani huanza kwa http kama kawaida, lakini seva ya mdukuzi hujibu kwamba picha imehamishwa, na makao mapya ni file://. Hadi Machi 2009, libcurl iliyoruhusiwa kufuata maelekezo ya aina hii iliyafuata bila kusita. Kasoro hiyo, iliyosajiliwa kama CVE-2009-0037, ilirekebishwa katika toleo la 7.19.4.

Toleo hilo lilileta vidhibiti viwili. CURLOPT_PROTOCOLS hutaja itifaki zinazokubalika kwa jumla, na CURLOPT_REDIR_PROTOCOLS hutaja zinazokubalika programu inapoelekezwa kwingine. Tangu toleo la 7.85.0 la 2022, waundaji wa programu wanashauriwa kutumia vile vinavyoishia kwa _STR, ambavyo hupokea orodha ya majina, kwa mfano "http,https".

Wengi husahau kwamba ulinzi wa vidhibiti hivi haulingani visipoguswa. Tangu toleo la 7.65.2 la 2019, maelekezo huruhusiwa kwa HTTP, HTTPS, FTP na FTPS pekee. Anwani ya kwanza, hata hivyo, yaweza kutumia itifaki yoyote iliyomo katika maktaba, ikiwemo file://. Mlango wa nyuma umefungwa. Wa mbele u wazi hadi mwundaji aufunge mwenyewe.

Asiyehitaji uwezo huo kabisa anaweza kuuondoa wakati wa kuijenga maktaba, kwa kutumia agizo la --disable-file. Ni busara pia programu iendeshwe kwa akaunti yenye mamlaka finyu, isiyoweza kusoma faili za siri hata ikihadaiwa.

Ikumbukwe kwamba kuzuia file:// hakumzuii mdukuzi kuituma seva, kwa HTTP, kwenye tarakilishi nyingine za ndani ya ofisi. Anwani hizo nazo sharti zichujwe.