Gome la Kwinini na Thamani ya Mbegu

Leo tuzungumzie dawa ya malaria iliyotoka shambani. Kwinini unaijua, ile dawa chungu. Asili yake ni gome la mti wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wazungu walianza kulitumia katika miaka ya 1600, wakilisaga na kulinywa kwa divai. Lakini mgonjwa huyu alipona, yule akafa, na gome kwa macho ni lile lile. Kwa nini?

Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga dawa yenyewe kutoka katika gome. Sasa ikawezekana kupima, ikaonekana kwamba miti inapishana sana: mmoja una dawa nyingi, mwingine karibu hauna kitu.

Basi mbegu ikawa mali. Huko Bolivia, mwenyeji mmoja, Manuel Incra Mamani, alijua kuitambua miti iliyo bora. Alikusanya mbegu zake, na mwaka 1865 Mwingereza Charles Ledger akazipeleka Ulaya. Serikali ya Uingereza ilizikataa. Waholanzi walinunua kidogo tu, wakazipanda Java. Miti hiyo ikatoa gome lenye kwinini zaidi ya asilimia 10, na kufikia miaka ya 1930 sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ilitoka Java. Na Mamani je? Baadaye alifungwa kwa ajili ya mbegu za mti huo, akapigwa, akafa. Aliyeujua mti hakuonja faida yake.

Hata kwetu, Wajerumani waliupanda mti huo Amani, Usambara Mashariki. Katika vita vya 1914 hadi 1918, manowari za Waingereza zilipofunga bahari, gome la Amani lilitengenezwa dawa ya askari wao.

Ndugu mkulima, historia hii inakuhusu. Majani au magome unayochemsha nyumbani, hujui yana dawa kiasi gani. Ikiwa kidogo, homa hutulia siku mbili, kumbe vijidudu vingali hai, na mtoto anaweza kupotea. Dawa mseto ya siku hizi nayo asili yake ni mmea, pakanga ya Kichina, lakini imepimwa. Kwa hiyo mtoto akichemka mwili, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu, na dozi aimalize.

Mbegu bora huchaguliwa kwa kipimo. Dawa pia ni vivyo hivyo.