Daftari la Pwani: Aliyenyamaza Alipoteza

Hati ya kiwanja cha Nyali au Kisauni, Mombasa, mara nyingi huwa na herufi mbili, C.R., kisha namba. Hilo ni daftari la ardhi la Pwani. Hati nyingi za Nairobi huandikwa I.R., daftari la Bara. Mnunuzi huzipita herufi hizo bila kuzitazama mara mbili, naye ana haraka ya kuona jina la muuzaji. Lakini Pwani ilipewa daftari lake kwa sababu, na sababu hiyo bado inawapeleka watu mahakamani.

Mji wa Mombasa ulikuwa na maandishi ya ardhi kabla Mwingereza hajafika. Mauzo yaliandikwa kwa Kiarabu, mashahidi wakatajwa, na mipaka ikaelezwa kwa majirani: mashariki shamba la fulani, magharibi njia ya kisimani. Mtu aliweza kumiliki minazi au nyumba juu ya ardhi ya mwenzake, na hakuna aliyeshangaa. Kwa Wamijikenda ardhi ilikuwa ya mbari, na wazee ndio waliojua nani analima wapi. Karatasi ya nini?

Mwaka 1895 Uingereza ilichukua usimamizi wa ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar. Sheria ya 1901 ikaanzisha usajili wa nyaraka, ila ofisi ilipokea karatasi tu. Haikumhakikishia mtu kwamba aliyemuuzia ndiye mwenye mali. Shamba moja lingeweza kuuzwa mara mbili, na kila mnunuzi akawa na nyaraka zake safi.

Ndipo ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyohusu ukanda huo wa Pwani peke yake. Mwenye dai alitakiwa kuliwasilisha kwa msajili aliyeteuliwa, alete ushahidi, ardhi ipimwe, wapinzani wasikilizwe. Akishinda alipewa cheti ambacho hakikuweza kubishaniwa kirahisi. Mpaka hapo, sawa. Mwiba ulikuwa kwingine: ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Mwenye nyaraka na mtu wa kumwandikia alijua pa kwenda. Aliyelima shamba la babu zake kwa idhini ya wazee hakuwa na cha kupeleka, na pengine hata habari hakuzipata. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uskwota wa Pwani ulipopewa muhuri wa serikali. Mtu alilala mwenyeji, akaamka mvamizi, na mnazi alioupanda bado unazaa.

Mjini athari yake ilichukua sura nyingine. Mtaa wa Majengo, kwa mfano, umejaa nyumba za Waswahili zilizosimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine, mwenye nyumba akilipa kodi ya ardhi kila mwezi. Desturi ya zamani ya kutenganisha nyumba na ardhi ilibaki hai, lakini sasa daftari lilikuwa upande wa mwenye kiwanja.

Sheria nyingine zikafuata, ikiwemo ya 1919 iliyoiga mfumo wa Torrens wa Australia, ambapo daftari lenyewe ndilo uthibitisho wa umiliki. Mwaka 2012 Bunge la Kenya likazifuta nyingi, ya 1908 ikiwemo, na kuweka sheria moja ya usajili.

Swali la mwanzo, la nani hasa mwenye ardhi, halikufutika pamoja nazo. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta wa kiwanja kimoja cha Nyali ili kufungua njia ya ufukweni. Kampuni ya Dina Management, iliyokuwa na hati ya kiwanja hicho, ikashtaki. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 majaji wakaamua kwamba mgao wa kwanza wa ardhi hiyo, uliofanywa 1989 kwa Rais Daniel arap Moi, haukufuata sheria. Basi hati zilizofuata hazikuwa na kinga, hata kama mnunuzi alinunua kwa nia njema. Sasa anayetaka kiwanja Pwani hatosheki na cheti cha upekuzi kinachotaja jina la muuzaji. Lazima alipie wakili amfukulie faili hadi mgao wa kwanza.