Rangi Inapokataa Kushika

Msikilizaji, mgonjwa akikatwa kipande cha uvimbe hospitalini, yeye na jamaa zake huhesabu siku wakingoja jibu. Jibu laweza kuwa la kufariji, na laweza kuwa la kutisha. Lakini lipo jibu la tatu ambalo watu wachache wanalijua, nalo huudhi kuliko yote mawili: kipande hakisomeki, kiletwe kingine. Mgonjwa hulazwa tena, hukatwa tena, na wiki nyingine hupita huku ule uvimbe ukiendelea na shughuli zake.

Hapo lawama humwangukia fundi wa maabara. Husemwa hajui kazi, au kwamba dawa alizoletewa ni mbovu. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo historia ya kazi hii ya kuandaa tishu na kuitia rangi, ambayo wataalamu huiita histolojia, inaonyesha kwamba mara nyingi kosa halikuwa pale watu walipokuwa wanalitafuta. Lilikuwa katika maji, au katika hewa ya chumba, au katika muda. Leo ningependa tuitazame historia hiyo.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Nyama ya mwili, ikikatwa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, haina rangi ya kuonekana. Ukiiweka chini ya hadubini ni kama kumtafuta dagaa mchanga ndani ya maji: unajua yupo, humwoni. Kwa hiyo kipande hutiwa dawa kisioze, hukamuliwa maji kwa spiriti, huzamishwa katika nta iliyoyeyuka, na nta ikishaganda hukatwa kwa kisu kikali sana. Unene wa kila ukanda ni mikroni tatu au nne hivi, na mikroni elfu moja ndizo zinazofanya milimita moja. Baada ya hapo ndipo rangi huingia. Rangi kuu ni mbili: hematoksilini, inayozipa kokwa za seli rangi ya buluu, na eosini, inayoipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Mwaka 1876 Wissowzky aliziunganisha mbili hizo, na hadi leo vioo vingi vinavyosomwa katika maabara za dunia hupakwa hizo hizo.

Hematoksilini, msikilizaji, hutoka mtini. Mti wenyewe huota pande za Campeche, huko Mexico, na katika nchi jirani ya Belize. Wahispania waliukuta katika karne ya 16 wakaanza kuusafirisha Ulaya kwa ajili ya watia rangi wa nguo. Uingereza nayo ikaupokea, lakini nguo zake zikawa kichekesho: zinang'aa dukani, zinapauka juani. Mwaka 1581, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lilipiga marufuku matumizi ya mti huo, na magogo yaliyokamatwa yakaamriwa kuchomwa moto hadharani. Mti ukaitwa mdanganyifu. Ilipita miaka themanini hivi ndipo marufuku hiyo ikafutwa, mwaka 1662, kwa kuwa watia rangi walikuwa wamekwisha kujifunza namna ya kuifunga rangi hiyo kwenye kitambaa kwa chumvi za madini. Mti haukuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni kitu cha kati, cha kuishikisha rangi na uzi.

Ungedhani somo hilo, lililogharimu moto wa magogo mengi, lingekumbukwa. Wapi! Mwaka 1863 mtaalamu wa Kijerumani, Waldeyer, alijaribu kutia tishu rangi ya mti huo huo, na hakupata kitu cha maana. Miaka miwili baadaye, mwaka 1865, Böhmer alichanganya rangi hiyo na shabu. Naam, shabu, hii hii ambayo wazee wetu huitumia kutuliza maji ya tope, na vinyozi kuzuia damu ya mkato. Kokwa za seli zikasimama wazi, buluu iliyokolea. Mtia nguo rangi wa karne ya 17 angeweza kumweleza Waldeyer jambo hilo kwa dakika moja, lakini mtia nguo rangi na daktari hawakai baraza moja. Hilo ni tatizo la Ulaya ya wakati ule, na sidhani kama limekwisha, huko wala kwetu.

Rangi hii ina ukaidi mwingine. Ikitoka mtini hivi hivi haitii rangi. Lazima iive, yaani iingiliwe na hewa. Mafundi wa zamani waliianika kwenye mwanga kwa wiki nyingi. Mwaka 1900 Harris akatumia oksidi ya zebaki kuiivisha kwa muda mfupi, na wengine wakapata kemikali zao. Lakini kama togwa, ikishaiva haisimami hapo, huendelea. Chupa iliyokaa kabatini muda mrefu hupoteza nguvu kidogo kidogo, na fundi asiyeijaribu kwanza juu ya kioo kimoja cha majaribio hugundua kokwa zimepauka baada ya vioo ishirini vya wagonjwa kupita.

Kisha kuna suala la maji. Tishu ikitoka katika hematoksilini huwa na wekundu wa kahawia. Hugeuka buluu inapooshwa, na maji yanayoigeuza lazima yawe na uchungu kidogo wa alikali, si uchachu. Katika mji wenye bomba la maji magumu, mambo huenda yenyewe na hakuna anayejiuliza. Mhamishie fundi huyo huyo, na chupa zake zile zile, kwenye mji wa maji laini au hospitali inayokinga maji ya mvua, vioo vyake vitabaki vyekundu, na mkuu wake ataanza kumtilia shaka. Dawa yake ni bikaboneti kidogo ya soda, jamaa wa magadi tunayotia katika maharage. Shilingi chache tu, kwa mwenye kujua.

Nije kwenye kuoza. Kabla ya mwaka 1893 vipande vilihifadhiwa hasa kwa spiriti na tindikali za aina mbalimbali. Mwaka huo, mjini Frankfurt, daktari Ferdinand Blum alikuwa anachunguza kama formaldehidi yaweza kuua vijidudu. Akaona ngozi ya vidole vyake, vilivyokuwa vikigusa dawa hiyo, inakuwa ngumu kama iliyotiwa spiriti. Mtu mwingine angetafuta mafuta ya kujipaka. Blum alijiuliza: kama inagandisha vidole vyangu, je, haitagandisha tishu? Ndiyo formalini tunayoijua.

Lakini formalini nayo ina masharti, na hapa ndipo vipande vingi huharibikia, mbali kabisa na maabara. Huingia ndani ya nyama polepole, kiasi cha milimita moja kwa saa au pungufu. Inatakiwa iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande. Sasa daktari wa upasuaji akilisukumiza titi zima ndani ya kichupa, akamiminia formalini vijiko viwili, pembeni patahifadhika na katikati pataoza. Fundi atakayepokea kichupa hicho baada ya siku tatu za safari ya basi hana namna ya kurudisha kilichooza. Hata awe na rangi bora ya dunia nzima, rangi haimfufui mtu.

Na lipo jambo linalotuhusu sana sisi watu wa nchi za malaria. Formalini ikikaa bila kuwekewa kemikali ya kuzuia uchachu, huchachuka. Ikikutana na damu katika hali hiyo huacha punje za kahawia iliyokaribia weusi juu ya tishu. Vimelea vya malaria navyo huacha punje za rangi hiyo hiyo katika bandama na ini. Msomaji asiye mwangalifu anaweza kuziona punje za formalini akaandika malaria, au akaziona za malaria akadhani ni uchafu wa formalini. Asidi ya pikriki ndani ya spiriti huziondoa zote mbili, ila za malaria huchukua muda mrefu zaidi. Wenye hekima huona ni nafuu kuzuia uchachu tangu mwanzo.

Hewa nayo? Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Wengine walikuwa wamekitafuta kwa miaka bila kukiona, kwa sababu mwili wake una mafuta yanayozuia rangi. Koch alitumia bluu ya methilini, rangi iliyotengenezwa na Heinrich Caro kwa ajili ya viwanda vya nguo. Ilifanya kazi vizuri sana. Kisha akatengeneza chupa mpya, na kijidudu kikatoweka. Fikiria hali yake! Angeweza kusema kwamba alichokiona mwanzo kilikuwa uchafu. Badala yake akailinganisha chupa kuukuu na mpya, akatambua kwamba ile kuukuu ilikuwa imefyonza amonia kutoka hewa ya maabara. Akaongeza alikali katika ile mpya, na kijidudu kikarudi.

Paul Ehrlich, aliyekuwepo ukumbini siku hiyo, alikwenda kuiboresha rangi hiyo. Inasimuliwa kwamba aliacha vioo vyake juu ya jiko lililozimika, asubuhi mtumishi akawasha moto, na vioo vilivyodhaniwa vimeungua vikaonekana vyema kuliko vyote. Joto ndilo lililokuwa limepungua. Mwaka huo na uliofuata Ziehl na Neelsen wakaitengeneza njia inayobeba majina yao: rangi nyekundu hupashwa moto, kisha kioo huoshwa kwa asidi, na kijidudu cha kifua kikuu hukataa kuiachia rangi. Makohozi ya watu wetu yamesomwa kwa njia hiyo kwa miaka mingi, hata kabla ya kuja mashine za kusoma vinasaba. Ehrlich mwenyewe aliugua kifua kikuu miaka michache baadaye, akaenda kupumzika Misri.

Sasa tuje Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Akamwona na mwingine, kisha akapekua kumbukumbu akakuta wengi. Hadi hapo kila uvimbe ulipewa jina kwa mahali ulipoota: wa jicho, wa figo, wa taya. Vioo vya maabara ya Kampala ndivyo vilivyosema vingine. Wataalamu wa patholojia O'Conor na Davies waliviweka pamoja na kuona seli zile zile kila mahali: duara, buluu nzito, zimebanana, na katikati yake seli kubwa zilizopauka zikitawanyika kama nyota katika anga la usiku. Anga hilo la buluu ni kazi ya hematoksilini. Kioo kilichopauka, au kilichooza katikati, kisingeonyesha nyota yoyote. Walichapisha kazi yao mwaka 1960: ni saratani moja, ya seli za kinga ya mwili.

Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kijana mmoja, Anthony Epstein, akaondoka na wazo kwamba saratani hiyo huenda inasababishwa na virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kurushwa kwa ndege usiku kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alivikata na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni, na hakuona kirusi hata kimoja.

Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu London ikapelekwa Manchester. Kilipomfikia Epstein siku ilikuwa imekwisha, na maji ya kichupa yalikuwa na ukungu wa maziwa. Kila fundi anajua maana yake: bakteria wameingia, tupa. Epstein hakutupa. Aliweka tone chini ya hadubini ya kawaida, bila rangi yoyote, akaona kwamba ule ukungu si bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe, zimetikiswa zikang'oka njiani, zinaelea, nzima. Akakumbuka kwamba seli za namna hiyo huenda zikapenda kukuzwa zikielea, si kukaa juu ya kioo kama walivyokuwa wakizilazimisha. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza hivyo, zikazaana.

Mapema mwaka 1964 Epstein aliziweka katika hadubini ya elektroni. Kirusi kilikuwepo katika mraba wa kwanza kabisa aliouona. Aliogopa mno kwamba mwali wa mashine ungekiunguza, akaizima, akatoka nje akauzunguka mtaa katika theluji bila koti, kisha akarudi kutazama tena. Machi mwaka huo yeye, Bert Achong wa Trinidad na Barr walitangaza kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, na kikaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Kilitoka katika uvimbe wa mgonjwa wa Uganda, ndani ya kichupa ambacho kwa kanuni za siku ile kilikuwa kimekwisha kuharibika.