Asili ya Vyombo vya Kaure Kisiwani Pemba

Apitaye katika magofu ya Ras Mkumbuu, yaitwayo pia Ndagoni, magharibi ya Chake Chake, aweza kuona vigae vya namna mbili. Vingine ni vya vyungu, kazi ya wafinyanzi wa pwani hii. Vingine ni vya kaure, vya kijani au vyeupe vyenye maua ya buluu. Kwa kuwa magofu yenyewe huhesabiwa kuwa ya Washirazi, na vyombo navyo hudhaniwa kuwa kazi ya Waajemi. Je, ndivyo?

Ushahidi wa kwanza umo katika lugha. Waarabu huita Uchina Sini, na kitu cha huko siniya. Kwetu neno hilo limekuwa sinia. Na ijapokuwa sinia la leo ni la shaba au la bati, jina lake lamtaja Mchina hata sasa.

Wachina ndio waliovifanya. Katika karne ya 14 wafinyanzi wa Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, walichanganya unga wa jiwe na udongo mweupe uitwao kaolini, jina litokalo Gaoling, karibu na mji huo. Walichora kwa burashi na rangi ya kobalti, wakapaka juu yake maji ya kioo, kisha wakachoma katika tanuu lenye moto wa digrii 1300 hivi. Kobalti iliyo bora hapo kwanza ilitoka Uajemi. Basi Mwajemi naye ana sehemu yake: si chombo, bali buluu yake. Vyombo vikaja kwa merikebu, bandari hata bandari, mpaka pepo za kaskazi zikavifikisha kwetu.

Lakini si kila chombo cha buluu ni cha Uchina. Katika karne ya 19, siku za mashamba ya karafuu, vililetwa vyombo vya Ulaya, navyo vingine vya kiwanda alichokianzisha Petrus Regout mjini Maastricht, Uholanzi. Kuvipambanua si kazi ngumu. Kaure ya Uchina hulia kama kengele ikigongwa, na palipovunjika hung'aa. Chombo cha Ulaya cha namna hii, palipovunjika hufyonza maji, na mara nyingi chini yake pana chapa ya kiwanda.

Maarifa haya yana faida kubwa. Wazee wa pwani walijengea mabakuli ya kaure katika makaburi yao, kama yaonekanavyo Kunduchi, karibu na Dar es Salaam. Mengi yameng'olewa, yamebaki matundu matupu. Ajuaye chombo kilifanywa lini ajua pia kwamba kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko bakuli lililojengewa ndani yake. Aking'oaye hachukui pambo tu. Amechukua na tarehe ya kaburi, wala maiti hana shahidi mwingine wa kumsemea.