Daraja la Kyaka: Mto Uliovukwa Pande Mbili
Wilaya ya Missenyi, Mkoa wa Kagera

Tazama kaskazini. Ng'ambo ya Mto Kagera bado ni Tanzania, hadi mpaka wa Uganda. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi hiyo, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye, daraja lililokuwa hapa likalipuliwa.

WALIOKIMBILIA KUSINI
Maelfu ya raia walikimbilia upande huu wa mto. Wengine hawakuwahi kuvuka. Nyuma yao ng'ombe waliswagwa kupelekwa Uganda, nyumba zikaezuliwa mabati, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa.

WALIOKWENDA KASKAZINI
Novemba hiyohiyo, askari wa JWTZ walitandika daraja la muda na kuvuka kuikomboa ardhi. Mapema 1979 waliingia Uganda pamoja na Waganda waliokuwa wakiishi uhamishoni. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Wenyeji waliwaita askari hao "bakombozi", kutokana na neno la Kiswahili "wakombozi".

KWA NINI TUNAPAKUMBUKA
Mto huu ulikuwa ngao ya waliokimbia na kizingiti cha waliokwenda vitani. Wengi wa askari waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Ukipata nafasi, fika pale uwape heshima yao.