Washairi wa Mkoleni

Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha, pamoja na jirani zao Wakwere, wana washairi wanawake ambao majina yao hayamo kwenye jalada la kitabu chochote. Ni makungwi wanaomfunda mwali, yaani msichana aliyevunja ungo. Wimbo wao ni mfupi: mmoja huanzisha, wengine huitikia, na maana hufichwa katika mti, mnyama au chombo cha jikoni. Mwali hufumbuliwa mafumbo hayo kidogo kidogo. Kungwi hodari hutunga papo hapo, akamgusa mtu aliyepo bila kumtaja. Huo ni ushairi kamili, wenye hadhi sawa na tenzi zilizopigwa chapa.

Mwali hucheziwa chini ya mti wa mkole. Akiwa amewekwa ndani hupewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye shungi la nywele lililogawanyika sehemu mbili. Mwali hukipaka mafuta na kukitunza kama mtoto.

Marja-Liisa Swantz wa Ufini, aliyeishi na Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960, aliandika kuhusu mila hizi katika kitabu chake cha 1970. Zamani mwali alikaa ndani miezi mingi. Siku hizi shule imefupisha muda huo, na nyimbo nyingi haziimbwi tena.