Mafunzo ya Ubavuni, Si ya Kliniki

Mwezi uliopita nilirudishiwa tafsiri ya mtaala wa wanafunzi wa udaktari. Kila nilipoandika "mafunzo ya ubavuni", yaani kando ya kitanda cha mgonjwa, kalamu nyekundu imekata na kuweka "mafunzo ya kliniki". Sababu sikupewa, niliambiwa tu kwamba kamati imeshapitisha.

Kamati ingemuuliza mama mjamzito yeyote kliniki ni nini. Ni pale anapokwenda na kadi yake, akapimwa uzito na presha, akarudi nyumbani. Mwanafunzi wa magonjwa ya ndani hukomazwa wodini, kwa mgonjwa aliyelazwa. Asili ya neno kliniki ni hiyohiyo: Wagiriki waliita kitanda klinē, kutokana na kitenzi cha kuegemea, na klinikos akawa tabibu anayemfuata mgonjwa alipolala. Waarabu hawakubeba ganda, walichukua kiini: wakasema sarīrī, kutokana na sarīr, yaani kitanda. Tabibu Mholanzi Boerhaave alipoanza kufundisha kando ya vitanda vya wagonjwa mjini Leiden mwaka 1714 alikuwa na vitanda 12 tu, 6 vya wanaume na 6 vya wanawake, na wanafunzi walimfuata kutoka pande nyingi za Ulaya.

Wapo wanaong'ang'ania "mafunzo kwa vitendo". Makenika naye hujifunza kwa vitendo, na anayepasua maiti vilevile. Mgonjwa yuko wapi katika istilahi hiyo?

Wengine wamenieleza kwamba ubavu ni neno la ugomvi, eti "huna ubavu" ni kutunishiana misuli. Ubavu ni mahali mwilini kabla ya kuwa nguvu. Mtazameni mwanafunzi: ameamkia, "Shikamoo, mzee," ameuliza kikohozi kilianza lini, akajibiwa, "Tangu tulipomaliza kuvuna." Analaza kiganja cha kushoto mgongoni pa mzee na kukigonga kidole cha kati kwa ncha ya kidole cha mkono wa kulia. Juu panalia kama mtungi mtupu. Anashuka, anagonga tena, na ghafla sauti inakufa, kama mtungi uliojaa. Maji yamejikusanya ubavuni, na ameyatambua akiwa ubavuni pa mgonjwa. Neno gani lingine linabeba yote mawili?

Matumizi yake ni mepesi: mwalimu wa ubavuni, mtihani wa ubavuni, stadi za ubavuni.

Mimi nitaendelea kuandika hivyo. Nanyi madaktari mnaopita wodini kila asubuhi na wanafunzi nyuma yenu, litamkeni. Msiingoje kamati.